Bi Hasara na Milango ya Wodi

Kwenye maeneo ya ujenzi walimwita Bi Hasara, naye alijua. Hakuwahi kukasirika. Mtu ukifika mahali kila mara baada ya mambo kuharibika, tena umevaa viatu vya kisigino kwenye kokoto na mkoba mweusi umeubana kwapani, ulitaka uitwe nani, Bi Harusi? Mafundi walipomwona anashuka garini, nyundo zilinyamaza na minong'ono ikaanza. Kwisha habari yetu, walisema, huyo amekuja.

Alikuwa wakili wa kampuni ya dhamana, na kazi hiyo, jamani, kuieleza nako ni kazi. Mama yake mzazi aliondoka duniani akiamini kwamba binti yake anauza bima. Mashemeji waliamini anatoa watu rumande. Mumewe, mwalimu mstaafu wa muziki, alishachoka kueleza, akawa anasema tu kwamba mke wake ameajiriwa kubeba mizigo ya watu asiowajua. Hapo hakuwa mbali na ukweli. Mtu akipewa kandarasi ya kujenga shule au hospitali, mwenye mradi huuliza: na ukishindwa katikati? Ndipo kampuni ya dhamana inaposema, akishindwa sisi tupo, tutalipa wengine wamalize au tutamalizisha wenyewe. Bi Hasara alipenda kuwaambia vijana wa ofisini kwamba bima huandikwa na mtu anayejua kuwa mwaka huu nyumba fulani zitaungua, ila hajui ni zipi. Dhamana huandikwa na mtu anayeamini kwamba huyu aliye mbele yake hataanguka. Akianguka, si bahati mbaya tu, ni neno lako limekurudia mdomoni.

Lakini kampuni haikuamini mikono mitupu. Nyuma ya kila mkandarasi walisimama watu wake: mke, kaka, mjomba, wakati mwingine mama mzazi. Hao walitia sahihi kwamba kampuni ikila hasara, wao wataifidia, hata kwa kuuza nyumba. Na aliyekwenda kugonga milango ya nyumba hizo, miaka nenda miaka rudi, alikuwa Bi Hasara. Alikuwa hodari. Mahakimu walimjua kwa sauti kabla hajaingia, na mawakili wa upande wa pili walianza kutafuta suluhu wakisikia tu kwamba faili liko kwake.

Jambo moja tu lilimkera, na alikuwa halisemi. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona hata jengo moja likiisha. Alifika kuta zikiwa nusu, akapiga picha, akaandika, akalipa, akadai, faili likafungwa. Wapo watoto waliokaa wakasoma ndani ya shule zile, na yeye hakuwahi kufungua mlango wa darasa hata moja.

Jambo la pili lilikuwa kichekesho cha familia. Huyu mama aliyeishi kwa dhamana hakuwahi kumdhamini mtu yeyote kwa jina lake mwenyewe. Mdogo wake alipotaka kukodi nyumba na akahitaji mdhamini, alimlipia kodi yenyewe kuliko kumtilia sahihi. Mumewe alikuwa na hadithi yake, aliyoisimulia kila wageni wakija: siku ya ndoa yao msajili aliweka hati mezani, bibi harusi akaisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akaisoma tena, na bwana harusi amesimama pale jasho linamtoka akidhani kuna kifungu kimemkataa. Bi Hasara alijibu kila mara kwamba hati ile ilikuwa na makosa mawili ya tarehe, na kama si yeye wangekuwa wanaishi bila ndoa mpaka leo.

Ilipobaki nusu mwaka astaafu, lilimfikia faili la wodi ya wazazi.

Hospitali iliandika kwamba mkandarasi ameitelekeza kazi. Wodi ilikuwa imeezekwa, lakini haina mabomba, haina dari, haina rangi, na mkandarasi mwenyewe simu yake imezimwa. Ujenzini walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye kizito ambayo mwashi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, kwa sababu kuta zake hazikuwahi kulalia upande. Wodi ya zamani ilikuwa lazima ivuliwe paa mwanzoni mwa mwezi wa pili kutoka hapo, maana lilikuwa limeoza. Wodi mpya isipokabidhiwa kufikia hapo, hospitali ingedai dhamana yote, bila siku ya nyongeza. Na nyuma ya Timazi ilisimama sahihi moja tu, ya mama yake, na nyumba moja tu.

Bi Hasara alikwenda kuangalia, kama kawaida. Alizunguka jengo lote akikwepa mashimo, na kitu kikamshangaza. Kuta zilikuwa zimepigwa lipu safi, lakini kila penye mlango lipu ilikuwa mpya kuliko kwingine, na nyuma ya jengo palikuwa na lundo la matofali yaliyovunjwa. Mtu alikuwa amejenga milango yote, akaibomoa yote, akaijenga upya. Katika faili hapakuwa na neno hata moja kuhusu hilo.

Aliyemfumbua macho ni matroni, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa wa usingizi. Alisema siku moja Timazi alikuja kuazima kitanda. Akakisukuma mwenyewe uani, magurudumu yakilia, mpaka kwenye mlango wa kwanza wa wodi mpya. Kitanda kikagoma. Akajaribu mlango wa pili, kikagoma. Michoro ilikuwa imeonyesha upana na yeye aliufuata, ila aliupima nje ya fremu badala ya ndani, na fremu zikala kilichobaki. Matroni alisema yule baba alisimama ameshika kile kitanda muda mrefu, kisha akakirudisha alikokitoa, akakifuta vumbi, akashukuru. Kesho yake akaanza kubomoa.

"Sikumwambia mimi," matroni alisema. "Wala sikuwa nimeona. Tungekuja kuona siku mzazi wa kwanza amelala juu yake."

Bi Hasara aliandika maneno hayo, kisha akayapigia mstari. Katika kazi yake alikuwa ameonana na wakandarasi walioficha nyufa kwa rangi, waliochanganya saruji kwa ubahili wa kutia chumvi, mmoja hata aliyesahau kuweka choo. Hakuwahi kuonana na aliyejivunjia kazi yake mwenyewe kabla hajashtakiwa.

Hata hivyo mkurugenzi wake, kijana mpole aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana, alitaka njia iliyozoeleka. Wamtafute mkandarasi mwingine, wamlipe, kisha wadai nyumba. Mkandarasi mwingine angetaka bei ya juu, kwa kuwa hakuna fundi anayependa kumalizia kazi ya mwenzake, na nyumba yote ingekwenda. Bi Hasara alijua hivyo, na mkurugenzi alijua. Akaandaa notisi, akaiweka kwenye mkoba mweusi, akaenda kuipeleka mwenyewe. Hakuwatuma vijana kazi hiyo. Alisema mtu akipelekewa shubiri, angalau apelekewe na mtu mzima.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, kuta zake nyeupe, imenyooka kama imepigwa rula, na barazani alikaa mama kizee mwembamba anachambua mchele. Bi Hasara akamwamkia shikamoo, akajitambulisha jina na kampuni. Bibi aliitikia marahaba, akaweka ungo chini, akamtazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Kumbe ndiye wewe mdhamini," akasema. "Mbona umechelewa hivi kuja?"

Bi Hasara alidhani hakueleweka. Akaanza kueleza kwamba amekuja kwa jambo la kisheria. Bibi akamkatiza kwa mkono. Alisema tangu karatasi zile zitiwe sahihi amekuwa akimngojea. Mtu amesimama mbele ya watu akasema huyu mwana wa fulani namjua, hataniangusha, halafu huyo mtu haji hata kuwasalimu wazazi? Hajui wanakaa wapi, hajui kama wazima au wagonjwa? Yeye kila akisikia mlango ukigongwa alikuwa anasema labda ndiye. Mara mbili alipika chakula cha ziada.

"Mimi nimeweka nyumba," bibi akasema. "Wewe umeweka neno lako. Kijana akianguka tunaanguka wote wawili. Sasa mwanangu, hebu kaa hapa tupange tunafanyaje."

Bi Hasara alikuwa na maneno yake tayari. Aliyajua kwa moyo, ameyasema katika vibaraza visivyo na idadi: haki za kampuni, muda wa kujibu, athari za kutojibu. Watu walikuwa wamemlilia, wamemtukana, mmoja alimwachia mbwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba wamekaa upande mmoja. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya mtoto aliyekwenda ugenini mikono mitupu. Akakaa. Notisi ikabaki mkobani.

Bibi akageuza uso kuelekea ndani. "Toka huko," akaita. "Mdhamini wako amekuja."

Akatoka mtu mkubwa mwenye mabega ya kujaza mlango, ameinamisha kichwa. Ndiye Timazi. Alikuwa amejifungia chumba cha nyuma tangu fedha zilipomwishia. Alieleza kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake: kubomoa na kujenga upya milango kulimeza pesa za mafundi, fundi bomba akaondoka na watu wake, wa dari naye akafuata, na yeye aliona haya kupiga simu kokote. Angesema nini? Kwamba yeye Timazi, anayejulikana kwa vipimo, ameshindwa kupima mlango?

"Mficha uchi hazai," mama yake akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Nimemwambia hilo kila asubuhi. Na ni wodi ya wazazi anayojenga, ona kejeli hiyo."

Bi Hasara hakujizuia, akacheka. Kisha akarudi kuwa wakili. Alikuwa ameipima milango ile mipya, akakuta ni mipana kuliko hata michoro ilivyotaka. Akamuuliza Timazi, mtu aliyeishiwa, kwa nini alipoteza mbao na tofali kuzidisha kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Timazi alijikuna shingo. Alisema alishaona aibu mara moja, hakutaka kuiona tena, halafu vitanda navyo hunenepa kama watu. Bi Hasara akamwambia huo ni ufujaji, na angekuwa yeye ndiye mkadiriaji angemkata. Bibi akasema wamwache kwanza ale.

Kesho yake aliingia ofisini kwa mkurugenzi na mkataba mkononi, kidole kwenye kifungu ambacho kampuni haikuwahi kukitumia tangu izaliwe. Kifungu hicho kiliiruhusu kampuni kuingia kazini yenyewe: kuwalipa mafundi moja kwa moja, kumrudisha mkandarasi chini ya uangalizi wake, na kumaliza jengo. Ingegharimu sehemu tu ya bei ya mkandarasi mpya, na kiasi hicho Timazi angeweza kukirudisha kidogo kidogo kwa kazi. Nyumba ingepona. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nani ataikalia kazi hiyo kila siku. Kisha akauliza swali la haki kabisa: mtu ameshatuangusha mara moja, safari hii nani anamdhamini?

"Mimi," Bi Hasara akasema.

Mkurugenzi akataka liwe kwenye maandishi. Kwamba wodi isipokuwa tayari siku ya paa, wakili mwenyewe atakuwa amekubali kwamba uamuzi ulikuwa wake na lawama ni zake, na atastaafu na doa hilo. Bi Hasara akatia sahihi pale pale. Jioni alipomweleza mumewe, mwalimu aliweka kikombe chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akauliza karatasi hiyo ameisoma mara ngapi.

"Mara moja," akasema, na akashangaa mwenyewe.

Ndivyo Bi Hasara alivyonunua mabuti ya mpira. Kofia ya kujikinga aliyopewa ilikuwa kubwa, kila akiinama ilimfunika macho, akawa anaongea na mafundi ameinua kidevu kama mtu anayetafuta ndege. Siku ya kwanza waliitwa wote, wakaja kwa shingo upande. Fundi bomba ndiye aliyekuwa na moto zaidi. Alisema haki yake haikuwa fedha peke yake. Alisema aliondoka pale watoto wake hawana ada, na Timazi hakumwambia hata neno pole, alizima simu. Bila pole hagusi bomba, kampuni imlipe isimlipe.

Bi Hasara alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, ameandaa makubaliano ya malipo ya kila Jumamosi. Hakuwa na kifungu cha pole. Alimgeukia Timazi. Yule baba mkubwa akasimama mbele ya watu wake wote, akavua kofia, akasema aliwakosea, kwamba kukosa pesa si dhambi lakini kuwakimbia ilikuwa dhambi, na kwamba aliona haya kuliko alivyowaonea huruma. Halafu fundi bomba akauliza, kwa sauti ya mtu ambaye hajasamehe ila anaelekea huko, mabomba yake ameyahifadhi wapi.

Kuanzia siku hiyo kazi ikawaka. Mama Timazi alikuja kila asubuhi na kiti chake cha plastiki, akakiweka kivulini, akasema amekuja kumwangalia mdhamini wake asije akajikwaa. Alimuuliza kila mtu kila kitu. Mwalimu wa muziki alikuja siku moja kumletea mke wake miwani aliyoisahau, akawakuta wapaka rangi wanaimba sauti moja wote, akashindwa kuvumilia. Alikaa nao mpaka jioni akiwapanga sauti ya juu na ya chini. Tangu hapo akaja kila wiki, na kuta za wodi ile zilipakwa rangi kwa sauti nne.

Si kwamba Bi Hasara hakuharibu. Aliharibu, tena vizuri. Ratiba aliipanga kwa akili ya mahakamani, ambako mtu huanza na lisilo na ubishi ndipo aende kwenye lenye ubishi. Rangi haikuwa na ubishi. Mabomba ya chumba cha kuoshea watoto yalikuwa nayo. Basi akawapeleka wapaka rangi kwanza. Ukuta ukang'aa, yeye mwenyewe akaupiga picha. Kesho yake fundi bomba akaja na tindo, akautazama ukuta, akamtazama wakili, akauliza kwa heshima zote kama anapenda mabomba yapite ndani ya ukuta au yaning'inie nje kama nguo. Kisha akautoboa ule ukuta mpya huku anapiga mluzi. Mafundi walicheka siku nzima. Mama Timazi alicheka zaidi, akasema sasa ndiyo wamekuwa sawa, kijana alikosea mlango na mdhamini amekosea ukuta, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Na yeye alifurahi. Aliamka asubuhi akiwa na hamu, jambo ambalo lilikuwa limemtoka zamani. Alijifunza kushika pimamaji na kungoja kile kipovu kitulie katikati. Aliona dari ikipanda kipande kwa kipande. Siku bomba la kwanza lilipofunguliwa likatema maji ya kahawia, kisha ya manjano, kisha meupe, alinawa uso hapo hapo mbele ya watu, mkoba mweusi ukiwa sakafuni umesahaulika. Alimwambia mumewe kwamba miaka yote alikuwa akiitwa kwenye misiba ya majengo, na sasa ameitwa kwenye kuzaliwa.

Siku ya ukaguzi ikafika, paa la wodi ya zamani likingojea kuvuliwa kesho yake. Alikuja mkurugenzi wa kampuni, wakaja wakubwa wa hospitali na mkaguzi wao mwenye uso mkavu. Mafundi walivaa mashati safi, wakajipanga ukutani, mwalimu wa muziki kati yao. Mkaguzi alifungua mabomba, akawasha taa, akagonga dari kwa fimbo. Kisha akasema bado kitanda. Amesikia habari za milango, na hatatia sahihi mpaka aone kitanda kikipita yote, kutoka chumba cha kujifungulia mpaka barazani.

Matroni akaenda kukileta. Aliporudi, Bi Hasara alitazama mara mbili. Hakikuwa kitanda kile cha zamani. Hospitali ilikuwa imepokea vitanda vipya wiki ile, vya kuinuka na kulala kwa mpini, vyenye reli za kukunja pembeni na mabega mapana. Matroni mwenyewe alikuwa amekunja uso. Alinong'ona kwamba hakuna aliyevipima.

Timazi alikitazama kitanda kile, kisha akautazama mlango, kisha akaweka mikono nyuma. Bi Hasara aliona vile alivyokuwa amesimama, akajua ndivyo alivyosimama siku ile aliyosimuliwa na matroni. Akawaza nyumba nyeupe iliyonyooka. Akawaza sahihi yake. Akamtazama mkurugenzi wake, naye alikuwa anatazama saa.

Ndipo Mama Timazi akainuka kwenye kiti chake. Akasema kitanda kitupu hakipimi kitu, wodi ni ya watu. Akavua ndala, akapanda, akajilaza chali, akajifunika kanga yake mpaka kifuani na kushika reli mbili kwa mikono yake miwili.

"Nyumba ni yangu," akasema, macho yakiwa darini. "Nipande mimi. Mdhamini, sukuma."

Bi Hasara akamkabidhi mumewe mkoba. Akashika kitanda upande wa kichwani, akapiga moyo konde, akasukuma.

Mlango wa kwanza ukawapitisha. Pembeni ilibaki nafasi ya kidole, si zaidi, lakini ilibaki. Mafundi ukutani wakashusha pumzi kwa pamoja. Vitanda navyo hunenepa, Bi Hasara akakumbuka, na akataka kumgeukia Timazi amwombe radhi kwa ule ufujaji, ila hakuthubutu kuachia mikono. Wakapita wa pili. Wakapita wa chumba cha kuoshea watoto, wenye ukuta wa rangi mbili ambazo hazikulingana sawasawa, na fundi bomba akakohoa. Magurudumu hayakulia. Nyuma yao watu walianza kufuata, kwanza matroni, kisha wapaka rangi, kisha wakubwa wenyewe, na mlango mmoja baada ya mwingine msafara ukarefuka. Mwalimu alianza kuimba chinichini, na wapaka rangi wakaingia na sauti zao bila kuambiwa.

Mlango wa mwisho, wa kutokea barazani, ulikuwa na kona kabla yake. Bi Hasara alikata kona mapema mno. Reli ikagusa fremu, ikakwaruza, kitanda kikasimama. Uimbaji ukakatika. Timazi alifumba macho. Lakini mkaguzi aliinama akatazama, akasema kwamba hapo tatizo si mlango, ni dereva.

Bi Hasara akarudisha kitanda nyuma kidogo, akakinyoosha, akakaza mikono, akasukuma tena. Kikapita. Wakatokea barazani kwenye jua, bibi juu ya kitanda, kanga kifuani, na kelele zilizopigwa nyuma yao zilifanya wazazi wa wodi ya zamani wachungulie madirishani na matumbo yao. Mkurugenzi aliacha kutazama saa, akapiga makofi kama wengine. Mkaguzi akaomba kalamu. Timazi alikuwa amekaa chini sakafuni katikati ya wodi yake mpya, mtu mkubwa vile, analia bila kujificha, na fundi bomba amekaa karibu yake anampigapiga mgongoni. Kuhusu ule mkwaruzo kwenye fremu, mpaka rangi mmoja alikimbilia brashi, lakini matroni akamzuia. Alisema ukae pale pale.

Bi Hasara alikuwa anahema, kofia imemfunika macho, mikono bado imeshika kitanda. Akaisukuma kofia juu. Mbele yake palikuwa na baraza iliyopigwa sakafu laini, nyuma yake jengo zima, limeisha, na kila mlango wake ameupita.

Mama Timazi ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameachia reli sasa, amekunja mikono nyuma ya kichwa, anaota jua.

"Turudi tulikotoka," akasema. "Safari hii polepole, nione vizuri."

Na Bi Hasara akakigeuza kitanda, akaanza tena na mlango wa kwanza.